Mboga za Kiroba: Angalia Maji Kabla ya Mbegu

Anayekaa nyumba ya kupanga hana haja ya kusubiri shamba ndipo ale mboga zake. Kiroba kimoja cha kilo 50 kinatosha kuanzia, mradi kisiwe kilichobeba mbolea ya dukani au dawa.

Kwa kila makarai mawili ya udongo wa juu, weka karai moja la samadi na moja la mchanga. Samadi iwe imeoza kabisa: ukiishika ni ya baridi, nyeusi, na harufu ya banda imekwisha. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza mizizi, halafu mtu analisingizia jua.

Kinachowaangusha wengi ni maji. Wanajaza udongo mtupu na kumwagilia juu. Mboga za juu zinanawiri, za ubavuni, zilizopandwa kwenye matundu ya kiroba, zinanyauka kwa sababu maji hayazifikii. Chukua kopo kubwa, ondoa kitako, lisimamishe katikati ya kiroba, lijaze kokoto, kisha zungushia udongo. Udongo ukifika ukingoni, livute kopo juu, kokoto zibaki, ujaze tena mpaka juu. Mwagilia kwenye nguzo hiyo ya kokoto asubuhi, na jioni pia jua likiwa kali. Ingiza kidole kwenye tundu la chini kabisa. Kukiwa kukavu, ongeza maji.

Matundu ya ubavuni yapishane, yaachane kama shubiri moja, na humo upandikize sukuma wiki au spinachi. Juu sia mchicha. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu zisirundikane. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa; ukichelewa hadi utoe maua, majani yanakomaa na kuwa magumu. Matembele yapande chini, yanatambaa sana.

Sukuma wiki chuma majani ya chini, bakiza manne au matano kileleni. Kila unapochuma, geuza majani machanga utafute vidukari. Wakiwa wachache waponde kwa vidole. Wakizidi, koroga kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza jioni upande wa chini wa majani, rudia baada ya siku chache. Dawa ya dukani kwa mboga inayochumwa kila wiki mimi siishauri. Ukilazimika, soma kwenye lebo siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzifuate.