Meli au jukwaa la baharini likizeeka unalifuatiliaje? Kutu, nyufa na daftari la vipimo

Wakuu, chuma kikikaa baharini kinaliwa kwa njia mbili kubwa. Kuna kutu inayopunguza unene, halafu kuna uchovu wa chuma, yani mawimbi yanakikunja na kukinyoosha mamilioni ya mara mpaka ufa unaanza. Zote zinaenda polepole mno, ukikagua mara moja tu huoni cha kukushtua, ndo maana mi nasisitiza kupima sehemu ile ile miaka nenda rudi na kuandika. Pleti (bamba la chuma) ikisoma milimita 12.6 leo haikuambii chochote kama hujui ilitoka kiwandani na ngapi na mara ya mwisho ilisoma ngapi.

Kwa hiyo anza na mchoro wa pleti za bodi la meli kabla hata hujashika geji, yani kifaa cha kupima unene. Kila sehemu utakayopima ipe anwani, mfano "fremu 46, upande wa kulia, pleti ya tatu kutoka mkukuni, katikati ya mataruma mawili" (mataruma ni mbavu za chuma zinazoshikilia pleti). Ukiandika "tangi namba 2 karibu na ngazi" atakayekuja miaka mitano mbele hatapima hapo ulipopima wewe, na kulinganisha kote kunakufa.

Kabla ya kuingia tangini, tafadhali sana hapa. Kutu yenyewe inakula oksijeni, tangi lililofungwa muda mrefu linaweza kuwa halina harufu yoyote na bado likakuua, na mara nyingi anayekimbilia kumwokoa mwenzake anafia humo humo. Fungua, puliza hewa ya kutosha, pima gesi juu, katikati na chini, oksijeni isome asilimia 20.9 ndo uingie, na mtu abaki mlangoni na redio muda wote.

Ndani, matangi ya balasti, yani ya maji yanayoipa meli uzito na usawa, ndo yanaumia zaidi, maji ya chumvi yanaingia na kutoka kila safari. Angalia juu karibu na sitaha ambako kuna joto na hewa, kingo za pleti ambako rangi inakaa nyembamba, pembeni mwa weldi (mahali chuma kilipochomelewa) ambako kutu inachimba kama mfereji, na chini ya mdomo wa bomba la kunyonyea. Rangi ndo kinga yenyewe hapo, viwango vya IMO (shirika la kimataifa la bahari) vya 2006 vinalenga rangi ya tangi la balasti idumu miaka 15, lakini hiyo ni kama iliandaliwa vizuri na inarekebishwa ikiwa bado madoa madogo, usisubiri ibanduke ukuta mzima.

Kupima unene kwa ultrasoniki, yani mawimbi ya sauti yanayopita kwenye chuma na kurudi, kunaonekana rahisi ila kuna mtego. Sauti inapita kwenye rangi taratibu kuliko kwenye chuma, so milimita moja ya rangi geji ya kawaida inaweza kuisoma kama zaidi ya milimita mbili za chuma, unafurahia pleti nene kumbe ni rangi. Tumia geji inayosoma mwangwi mwingi mfululizo au kwangua mpaka chuma king'ae, hakiki geji kwenye kipande cha chuma chenye vidato vya unene unaojulikana, paka jeli ya kupitisha sauti, kisha soma zaidi ya mara moja. Vishimo vipime kina peke yake, usivifiche kwenye wastani.

Sasa hesabu. Chukulia pleti ilianza na milimita 14 na kanuni za klasi yako (shirika linalokagua na kuidhinisha meli) zinaruhusu ipungue asilimia 20, yani 2.8, kwa hiyo kikomo ni 11.2. Ikishapoteza zaidi ya robo tatu ya hiyo ruhusa, yani ikishuka chini ya 11.9, inaitwa kutu kubwa, unaongeza vipimo na kuifuatilia kila mwaka. Kama miaka mitano iliyopita ilisoma 12.6 na leo 11.9, inaliwa 0.14 kwa mwaka, imebaki 0.7, yani kama miaka mitano. Ila kama rangi imeshatoka usiamini hiyo mitano, kasi inapanda. Ukaguzi mkubwa wa klasi ni kila miaka mitano na chelezoni, meli ikiwa nje ya maji, ndo nafasi nzuri ya kubadilisha pleti, so ujue mapema.

Nyufa nazo zinapenda vitu vidogo. Rigi (jukwaa linaloelea) ya Alexander L. Kielland ilipinduka Bahari ya Kaskazini tarehe 27 Machi 1980, watu 123 wakafa, na chanzo kilikuwa ufa ulioanzia kwenye weldi ya milimita 6 ya kishikilio cha hidrofoni (kifaa cha kunasa sauti majini), kidude ambacho hakikubeba mzigo wowote wa maana. Ndani ya ufa ilikutwa rangi, maana yake ulikuwepo tangu ujenzi. Kwa hiyo kagua ncha za mabraketi (vipande vya kuimarisha maungio), kona za mahachi (milango ya sitahani), mataruma ya ubavuni karibu na usawa wa maji, na kila kitu kilichobandikwa baadaye. Mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kwenye rangi nzima, safisha hapo na upime kwa unga wa sumaku, ambao unajikusanya penye ufa. Na kumbuka mkazo unaojirudia ukiongezeka mara mbili, maisha ya weldi yanashuka karibu mara nane.

Kwa majukwaa, eneo linalopigwa na mawimbi ndo linaliwa haraka zaidi. Chini ya maji mpiga mbizi au roboti apime volti ya chuma kuona kama kinga dhidi ya kutu inafanya kazi, kwa elektrodi ya madini ya fedha chuma kisome minus 800 milivolti au zaidi upande wa hasi. Namba ikianza kupanda kuelekea sifuri, anodi (vipande vya metali vinavyoliwa badala ya chuma) zinaisha. Nguzo zenye uwazi ndani zilizozibwa zipimwe kama zimeingia maji, ikiwa na maji kuna ufa mahali.

Ukipata ufa, kutoboa tundu nchani ni kuununulia muda tu, na kuchomelea juu bila kujua chanzo utarudi tena. Tafuta kwa nini mkazo umekusanyika hapo, lainisha umbo la braketi, choma upya, kagua tena, halafu rudi kwenye daftari uandike tarehe na unene mpya kwa anwani ile ile, hiyo ndo namba ya kuanzia tangu siku hiyo.