Kumuuguza mama nyumbani siku za mwisho
Mama alipoambiwa saratani ya koo imefika kwenye ini, alisema, "Nirudisheni nyumbani, nilale kitandani kwangu." Mgonjwa wenu akiamua hivyo, kwanza waiteni wajomba na mashangazi, wasikie kwa kinywa chake mwenyewe. Sisi tulichelewa, mjomba nusura ampakie kwenye gari usiku, arudishwe wodini.

Msitoke hospitali bila dawa ya maumivu na namba ya simu ya muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4, kwa kipimo alichoandika daktari. Ukingoja mgonjwa alie, umechelewa. Ombeni na dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo. Mimi niliandika saa ukutani kwa chaki, kila dozi nikaiwekea alama.

Mgeuzeni kila baada ya saa 2, mto katikati ya magoti. Midomo ikikauka, ipanguseni taratibu kwa kitambaa safi kilicholoweshwa. Akikataa uji, msimlazimishe, atapaliwa. Hilo lilinitesa kuliko yote. Mama alitaka tu nimpake mafuta ya nazi miguuni, dirisha likiwa wazi, asikie kuku wake.