Namna ya kupima na kuiga kwa kompyuta migongano ya kasi kubwa mno kwenye metali

Mgongano huhesabiwa kuwa wa kasi kubwa mno pale shinikizo linalozalishwa linapozidi uimara wa metali mara nyingi, kiasi kwamba kwa muda mfupi metali hutiririka kama kimiminika. Vipande vya taka za angani hugonga vyombo vilivyo katika mizunguko ya karibu na Dunia kwa wastani wa takribani kilomita 10 kwa sekunde, ilhali bunduki nyingi za maabara huishia kilomita 7 au 8. Pengo hilo huzibwa na uigaji wa kompyuta, nao hauaminiki mpaka uwe umetabiri kwa usahihi matokeo ya jaribio halisi. Kwa hiyo nashauri utaratibu huu: piga hesabu kwa mkono, endesha uigaji, andika utabiri wako na tarehe yake, ndipo ufyatue.

Tuchukue mfano mmoja na tukae nao: gololi ya alumini yenye kipenyo cha milimita 3, inayogonga kwa pembemraba bamba nene la alumini ya aina ya 6061-T6 kwa kilomita 7 kwa sekunde. Kwa kuwa metali zote mbili ni za jamii moja, chembe zilizopitiwa na wimbi la mshtuko husogea kwa nusu ya kasi ya mgongano, yaani 3.5. Kasi ya wimbi lenyewe hupatikana kwa kujumlisha 5.35 na zao la 1.34 na 3.5 (5.35 na 1.34 ni vigezo vya alumini hii vilivyopatikana kwa vipimo), ambayo ni karibu kilomita 10 kwa sekunde. Ukizidisha densiti ya kilo 2,703 kwa mita ya ujazo kwa kasi hizo mbili, unapata shinikizo la takribani gigapaskali 95, wakati alumini hiyo huanza kubadilika umbo bila kurejea kwenye mkazo wa karibu gigapaskali 0.28 tu. Wanaoanza huona tofauti hiyo wakaamua kwamba uimara wa metali hauna kazi katika uigaji. Sivyo: mwanzoni hauna athari kubwa, lakini wimbi likishafifia, uimara ndio unaoamua shimo likome wapi.

Kwa kina cha shimo, mlinganyo wa Cour-Palais, mtafiti wa NASA, unaotumia kipenyo cha gololi, ugumu wa bamba, densiti na kasi, hutoa karibu milimita 6 kwa mfano wetu. Ili uso wa nyuma usimeguke, bamba linahitaji unene wa angalau mara tatu ya kina hicho, kwa hiyo chagua milimita 25 au zaidi.

Katika uigaji, mgongano wa pembemraba unaweza kufanywa kwa pande mbili (2D) zenye ulinganifu kuzunguka mhimili, na hilo huokoa muda mwingi. Gridi (mtandao wa seli ndogo zinazogawa eneo la hesabu) inayosogea pamoja na metali hufuatilia mipaka vizuri lakini huvurugika inapokunjwa mno. Gridi iliyotulia, ambayo metali hupita ndani yake, huvumilia mabadiliko makubwa ya umbo. Na njia ya chembe laini, inayotumia chembe nyingi badala ya gridi na iliyobuniwa mwaka 1977 kwa ajili ya elimu ya nyota, hufaa pale unapotaka kufuatilia wingu la vipande. Kwa shimo katika bamba nene, mimi huchagua gridi iliyotulia. Anza na seli 20 katika kipenyo cha gololi, yaani milimita 0.15 kila seli, kisha rudia kwa 40. Kina kikibadilika kwa zaidi ya asilimia chache, seli za gridi yako bado ni kubwa mno. Kila unapopunguza ukubwa wa seli kwa nusu, kazi ya kompyuta huongezeka kama mara 8 katika pande mbili na mara 16 katika pande tatu.

Kuwa mwangalifu na vizio. Wengi hutumia sentimita, gramu na mikrosekunde, ambapo kasi yetu huandikwa 0.7, densiti 2.703, na shinikizo hutoka kwa megabari, moja ikiwa sawa na gigapaskali 100. Uimara wa gigapaskali 0.28 katika mfumo huo ni 0.0028; sifuri moja ikisahaulika, programu haitalalamika, nalo shimo litatoka dogo kuliko inavyopaswa. Kwa uimara, modeli ya Johnson na Cook ya mwaka 1983 inatosha kuanzia, lakini kumbuka kwamba vigezo vyake hupatikana kwa vifaa kama fimbo za Hopkinson, ambazo hupima kasi za ubadilikaji wa umbo hadi takribani 10,000 kwa sekunde, ilhali mgongano huu huvuka 1,000,000. Mwishowe kagua nishati: gololi ina miligramu 38 na jouli 935 hivi, na jumla hiyo isipotee bila maelezo.

Bunduki ya gesi nyepesi ya hatua mbili hufanya kazi kwa baruti kusukuma pistoni, pistoni kukandamiza haidrojeni, na gesi hiyo kupasua kiwambo na kuirusha gololi iliyofungwa katika kibebeo cha plastiki. Kibebeo lazima kitenganishwe na kuzuiwa njiani, na chumba cha shabaha kiwe na hewa kidogo sana ili gololi isipunguzwe kasi wala kuchomwa. Pima kasi kwa pazia mbili za leza: kwa umbali wa sentimita 50, gololi hupita kwa mikrosekunde 71.4. Piga pia picha ya eksirei kabla ya mgongano, kwani gololi iliyopasuka mtutuni huchimba shimo lisilolingana na hesabu yoyote. Mtu yeyote asiwemo ukumbini wakati wa kufyatua, na vitambuzi vya haidrojeni viwe vimewashwa tangu gesi inapoanza kujazwa.

Baada ya hapo, kata bamba katikati ya shimo na upime kina kuanzia uso wa awali, wala si kuanzia ncha ya mdomo uliojikunja kwenda juu. Matokeo yakitofautiana na utabiri, ingiza kwanza kasi iliyopimwa badala ya ile uliyokusudia, kisha chunguza picha ya gololi. Ukilazimika kubadilisha vigezo vya metali, jaribio hilo limekwisha kuwa la kurekebishia, hivyo uthibitisho utafute kwa ufyatuaji mwingine wenye kasi au kipenyo tofauti.

Unapotaka kupanda hadi kilomita 10 au zaidi kwa sekunde, badilisha kwanza mlinganyo wa hali, yaani ule unaounganisha shinikizo, densiti na nishati ya metali, kwa maana ule unaotumika sana wa Mie na Grüneisen hauelezi ipasavyo metali iliyoyeyuka au kuwa mvuke. Tumia majedwali yanayojumuisha hali zote tatu, kama yale ya SESAME ya Los Alamos, kisha urudie nayo ule mfano wa kilomita 7 kabla ya kwenda mbele.