Unataka masta ya mifumo endelevu ya chakula? Anzia dikoni

Vijana wa huku Malindi wananiuliza sana, dada, nitaingiaje masta ya mifumo ya chakula, na wakifungua mdomo tu ni skolaship. Mimi nawaambia pesa tutaifikia, kwanza tafuta swali lako, manake kusema unapenda kilimo hakutoshi, wanataka kuona kuna jambo linakukera na umeshaanza kulifuatilia.

Swali lenyewe shuka ukalitafute dikoni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, mashua zikirudi. Mfuate samaki mmoja tu. Nani kamnunua, na mbona bei kapanga tajiri (kwa sababu ndiye aliyemkopesha mvuvi nyavu na mafuta), mama karanga (wale wanaonunua samaki wakawakaanga na kuwauza) kaachiwa wepi, barafu imetoka wapi, samaki kaanza kuharibika saa ngapi, na nyumbani kwa mvuvi wamekula nini siku hiyo. Huo ndio mfumo wa chakula, kuanzia baharini au shambani mpaka sahani mpaka jaani, na deni limo humo ndani pia. Kama wewe ni mtu wa shamba fuata embe, msimu ukishika yanaoza chini ya mti na dukani watu wananunua jusi ya pakiti, kwa nini?

Propozali yangu ya kwanza ilirudishwa. Nilikuwa nimeandika usalama wa chakula pwani yote ya Kenya, ukurasa wa kwanza nimejaza takwimu za dunia, ile ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ya 2019 kwamba kama asilimia 14 ya chakula hupotea kati ya mavuno na duka. Ni kweli, lakini kila mwombaji anayo hiyo. Ya pili niliuliza tu mbona mama karanga wa diko moja wanapata hasara zaidi siku ambazo samaki ni wengi, ikapita.

Vyuo sasa. Karibu yetu kuna Pwani University pale Kilifi, Nairobi kuna kampasi ya Kabete ya University of Nairobi, na nje Wageningen kule Uholanzi wamebobea sana, masta yao ni miaka 2. Vyuo vingi vya Kenya vinataka digrii ya kwanza yenye sekandi apa, lakini ukiwa na sekandi loa usikate tamaa, vingi vinakukubali ukiwa na miaka 2 ya kazi. Kabla ya kujaza fomu muandikie mhadhiri ambaye ungependa awe supavaiza wako, imeili fupi, umesoma kazi yake gani na swali lako ni lipi, basi.

Skolaship ya Chevening inalipa masta ya mwaka mmoja Uingereza, wanataka uwe na saa 2,800 za kazi na ukimaliza urudi nyumbani angalau miaka 2. Kazi ya kujitolea inahesabiwa, kwa hiyo kama unasaidia BMU ya kwenu (kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia diko) kuandika rekodi za samaki, anza leo kuweka saa zako kwenye daftari.

Halafu jambo ambalo supavaiza wa bara anaweza asilijue, kalenda yako ya utafiti ifuate upepo. Ukikusanya data wakati wa kusi peke yake, bahari imechafuka na mashua nyingi hazitoki, utaandika kwamba samaki hakuna, na ukienda kaskazi peke yake utaandika kwamba ni tele, na yote mawili ni nusu ya habari. Panga misimu yote miwili tangu kwenye propozali, na kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, kiombe mapema kisije kikakupitishia msimu.

Ukifika dikoni jitambulishe kwa mwenyekiti wa BMU kwanza. Mama karanga usimsimamishe wakati wa mnada wala mafuta yakiwa motoni, hapo yuko kazini, ngoja auze, kaa naye chini, umuulize taratibu, na ukimaliza thesisi rudi umweleze ulichokipata.