Wafanyakazi wakikuuliza kuhusu korona kazini, wajibu hivi

Kama ni supavaiza kiwanda cha samaki hapa Mwanza, swali la kwanza litakuwa "bosi, nikiumwa mshahara unakatwa?" na hilo lijibu kabla ya yote, tena kwa maandishi ubandike getini, maana mtu akiogopa kukatwa atakuja na homa yake hivyohivyo asimame meza moja na wenzake wanaokata minofu ya sangara. Barakoa ikilowa? Ibadilishwe, na pale kwenye maji inalowa haraka sana, so weka za akiba. Vifaa ni juu ya mwajiri, sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 iko wazi. Kuvaa glovu hakuondoi kunawa kwa sabuni sekunde 20. Meza zikibana, gawa shifti.