Somo: Kubuni Vibainishi vya Nomino katika Lugha Unde

Wengi wanaounda lugha unde, yaani lugha za kubuniwa, hukimbilia kutunga kineno cha kubainisha nomino, yaani cha kuonyesha iwapo kitu kinachotajwa kinajulikana, mfano wa "al-" ya Kiarabu au "la" ya Kiesperanto, ambayo nayo ni lugha unde, kabla ya kujiuliza kitafanya kazi gani. Anza na kazi.

Hatua ya kwanza ni kuamua msikilizaji ajulishwe nini. Kiswahili hakina vineno hivyo, lakini hakikosi njia: "nimesoma kitabu" chaweza kuwa kitabu chochote, ilhali "nimekisoma kitabu" humwambia msikilizaji kwamba ni kile anachokijua, na kazi hiyo imefanywa na kiambishi "-ki-" ndani ya kitenzi. Wewe pia waweza kuiweka alama kwenye kitenzi badala ya nomino, na binafsi naiona njia hiyo kuwa nzuri zaidi, kwa kuwa masikio yetu yameizoea.

Hatua ya pili, ipe alama yako historia. "Le" ya Kifaransa na "el" ya Kihispania zilitokana na kionyeshi "ille" cha Kilatini, yaani "yule", kilichochakaa kwa kutumiwa mno. Basi tunga kwanza kionyeshi, tuseme "ano", kisha ukifupishe: "ano sero", mbuzi yule, iwe "nosero", mbuzi tunayemjua. Kibainishi cha kitu kisichojulikana nacho mara nyingi huzaliwa na neno "moja". Ngano zetu zinaposema "palikuwa na mtu mmoja", hakuna anayehesabu watu.

Hatua ya tatu, pima kwa kisa kizima, kwa maana udhaifu wa kibainishi huonekana pale mhusika anapotajwa mara ya pili na ya tatu.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, ni lazima niwe na vibainishi viwili?

Jibu: Si lazima. Kiesperanto, alichokitangaza mwundaji wake, Zamenhof, mwaka 1887, kina "la" pekee, na nomino isiyo nayo kwa kawaida huchukuliwa kuwa haijajulikana bado.

Swali: Lugha yangu ina ngeli sita. Je, kibainishi kipatane nazo?

Jibu: "La" ya Kiesperanto haibadiliki kwa umoja wala wingi, na wanafunzi hunufaika kwa wepesi huo. Hata hivyo, kikipatana na ngeli kitaweza kusimama bila nomino, kama "kile" na "yule" zinavyosimama, nami nisingeiacha faida hiyo. Yaandike maumbo yote sita kwanza. Mawili yakifanana katika matamshi, badilisha irabu ya mojawapo kabla hujaanza kutunga visa.