Kabla ya kikao cha rufaa ya VA: yaliyotusaidia mimi na mume wangu

Mume wangu alikuwa fundi wa magari ya deraya katika jeshi la Marekani, na mgongo aliuacha huko. VA, yaani idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia maveterani (wanajeshi wa zamani), walipomnyima fidia ya ulemavu tukakata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa za Maveterani. Fomu ni ile ya 10182, muda ni mwaka 1 tangu tarehe ya barua ya uamuzi, na sisi tulichagua njia ya kusikilizwa na hakimu. Kama nawe umeichagua hiyo na unasubiri tarehe, anza hivi.

Isome barua ya kukataliwa ukiwa na kalamu mkononi. VA wanatafuta vitu vitatu: ugonjwa ulio nao sasa, tukio la jeshini, na kiungo baina ya hivyo viwili, yaani kwamba ugonjwa ulitokana na tukio hilo. Barua inataja waliyokwisha kuyakubali, na hayo hayana haja ya kupigiwa kelele. Kwetu walikubali kwamba mgongo ni mbovu, wakakubali pia kwamba alianguka kutoka juu ya gari. Kilichokosekana ni kiungo, basi nguvu zote tukazipeleka kwa daktari. Daktari akiandika "huenda inahusiana na jeshi" hajakusaidia kitu. Aseme amelisoma jalada lako la VA (nakala huombwa kwa fomu 20-10206), aseme uwezekano ni asilimia 50 au zaidi, kisha aeleze sababu. Hayo maelezo ndiyo yenye uzito.

Halafu kuna jambo linalowaponza wengi. Katika njia hii, hakimu huangalia yaliyokuwa kwenye jalada siku VA walipotoa uamuzi, pamoja na utakayowasilisha kwenye kikao chenyewe au ndani ya siku 90 baada yake. Karatasi uliyotuma katikati, wakati wa kusubiri, usiitegemee. Iwasilishe upya.

Tafuta mwakilishi aliyeidhinishwa na VA. Mashirika ya maveterani hufanya kazi hiyo bure. Mawakili wengi huchukua asilimia ya malimbikizo ya fidia mkishinda.

Kikao chenyewe hakitishi kama mahakama za kwenye televisheni. Unaweza kukifanyia nyumbani kwa video, kwenye ofisi ya VA, au Washington mbele ya hakimu. Utaapa, na maneno yako yatarekodiwa na kuandikwa. Hakuna wakili wa VA wa kukubana.

Kinachotuangusha sisi ni adabu yetu. Tulipofanya mazoezi jikoni nilimuuliza, "Mgongo unakusumbuaje?" Akajibu, "Unauma kidogo, lakini namshukuru Mungu." Mtu ambaye hawezi kuinama! Nikageuza swali: "Jana asubuhi ulivaaje soksi?" Akanyamaza, kisha akasema, "Ulinivalisha wewe." Nikamwambia, hilo ndilo jibu. Fanyeni mazoezi ya namna hiyo: amelala saa ngapi, ameshindwa kubeba nini, kazini amekosa siku zipi. Siku mbaya zisemwe na zinatokea mara ngapi, bila kuongeza chumvi, maana jalada liko mbele ya hakimu na litakuumbua. Ukikunja uso kwa maumivu, yataje kwa mdomo. Maandishi hayaoni uso.

Uganga mwachie daktari. Wewe eleza unachokihisi, na mwenzio aeleze anachokiona. Mimi nilitoa ushahidi nikiwa na kalenda yetu ya ukutani, ile niliyokuwa nikiwekea alama kila asubuhi aliyoshindwa kuamka. Mwakilishi alikuwa ametushauri tuiwasilishe pia kama ushahidi, na nilipoulizwa "tangu lini?" sikuhitaji kubahatisha.

Siku hiyohiyo usitarajie jibu. Uamuzi huja baadaye kwa maandishi. Kama barua ya daktari bado haijatoka, mwambieni hakimu kwamba inakuja, kisha itumeni ndani ya zile siku 90 na mtunze uthibitisho wa kuituma.